Unga Mweupe Usio na Lebo: Namna ya Kuupima Bila Kujidhuru

Jikoni, dukani, stoo ya shule, karakana ya fundi dari: kote huko kuna makopo na mifuko ya unga mweupe ambayo lebo zake zimebanduka, au hazikuwepo tangu mwanzo kwa sababu mali ilinunuliwa kwa kupimiwa. Chumvi, sukari ya unga, magadi soda, wanga wa mahindi, jasi (jipsamu), chokaa, shabu, haluli (chumvi ya Epsom), asidi ya boriki, poda ya mtoto, kostiki (soda kali, yaani haidroksaidi ya sodiamu), mbolea, dawa ya wadudu. Kwa macho tu, nyingi kati ya hizi hazitofautishiki. Kwa maji, siki, iodini na bizari ya manjano, nyingi zinajitenga ndani ya saa moja.

Mambo mawili yashike kabla hujafungua kopo. La kwanza: mpangilio wa vipimo una uzito kuliko kipimo chochote kimoja. Siki iliyowahishwa inaweza kutoa gesi ya sumu mahali ambapo kuuliza unga umetoka wapi na kuunusa kwa mbali kungekuonya mapema. La pili: majibu yanakuambia unga huo ni wa aina gani na uupeleke wapi, lakini hayaurudishi jikoni. Hata ikithibitika kwamba ni chumvi, hakuna kipimo cha nyumbani kitakachokuonyesha punje chache za dawa ya panya zilizochanganyika humo. Chumvi mpya ni rahisi kununua. Ile isiyo na lebo iende kwenye kazi nyingine.

Na usionje. Zamani mafundi na wauza dawa walionja, na kostiki inaunguza ulimi kabla hujamaliza kuisikia ladha yake.

Anza na mahali ulipoukuta

Uliza kopo lilikuwa wapi, karibu na nini, na nani alikuwa akitumia chumba hicho. Jibu la swali hili linapunguza orodha kuliko kemikali yoyote, na wakati mwingine linakusimamisha palepale. Unga wa sehemu zifuatazo usiupime mwenyewe:

Ghala la nafaka. Vidonge vya kufukizia mahindi na maharage vina fosfidi ya alumini. Vikishachoka hubaki unga wa kijivu unaoelekea weupe, na ambao haujaisha nguvu ukipata unyevu hutoa gesi ya fosfini inayoua. Ikisikika harufu kama ya vitunguu saumu au samaki aliyeoza, toka, acha milango wazi, usimwage maji. Dawa ya vumbi inayochanganywa na mahindi nayo ni nyeupe au kijivu hafifu, na huwa inamiminwa kwenye makopo ya maziwa au chupa za soda. Hiyo ndiyo ajali ya kawaida majumbani.

Machimbo ya dhahabu na sehemu za kuchenjulia. Sayanidi ya sodiamu ni nyeupe, huja kama vipande au unga. Ikikutana na asidi yoyote, hata siki au maji ya ndimu, hutoa gesi inayoua kwa muda mfupi sana.

Tangi la maji, bwawa la kuogelea, zahanati. Klorini ya unga hunuka klorini hata kopo likiwa limefungwa. Ikitiwa siki hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kiwanda cha batiki. Huko kuna kostiki, na kuna haidrosulfaiti ya kuyeyushia rangi, unga mweupe wenye harufu ya kiberiti. Ikilowa kidogo hupata moto, na ikitiwa asidi hutoa gesi inayokaba koo.

Bahasha, vipakiti vidogo vilivyofungwa kwa uangalifu, au unga uliofichwa. Huu ni wa polisi. Usiufungue, usiuhamishe, funga chumba, nawa mikono kwa sabuni, kisha toa taarifa.

Unga ukiwa wa jikoni, dukani, shuleni, bafuni au kwa fundi ujenzi, endelea.

Vifaa

Glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, barakoa. Visahani vya plastiki au vigae vyeupe, na kimoja cheusi kwa ajili ya kuona mashapo meupe. Vijiti vya meno, sindano ya plastiki ya mililita 5 isiyo na ncha, glasi tatu ndogo.

Maji yawe ya mvua au ya chupa. Maji ya kisima yana kalsiamu, na ukiyatia magadi yanachafuka yenyewe, hivyo utadhani umepata jibu kumbe umepima kisima.

Siki nyeupe ya dukani, ambayo kwa kawaida ina asilimia 5 ya asidi.

Iodini: ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda inatosha. Izimue kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Ikiwa nzito, kila kitu kitaonekana cheusi na hutajua lipi ni lipi.

Karatasi za manjano: koroga nusu kijiko cha chai cha bizari ya manjano ndani ya vijiko vinne vya spiriti ya hospitali, acha itulie dakika kumi, mimina maji ya juu, chovya vipande vya karatasi nyeupe isiyong'aa, anika kivulini. Tumia spiriti, si maji, kwa sababu rangi ya manjano haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Weka moto mbali wakati wa kazi hii. Karatasi hizi hubaki njano kwenye asidi na kwenye maji matupu, na hugeuka nyekundu ya kahawia kwenye alikali, yaani vitu vilivyo kinyume cha asidi kama magadi na chokaa. Ukiwa na choya, yaani rozela, chemsha nayo: tone moja huenda kwenye kijani au bluu palipo na alikali. Ila choya yenyewe ni asidi, kwa hiyo ukimimina nyingi itaimeza alikali kidogo iliyopo na kukudanganya.

Kitu cha mwisho ndicho wengi wanakiruka: vielelezo. Chukua chumvi unayoijua, magadi soda unayoyajua na wanga unaoujua, vipime sambamba na unga wako, pamoja na kisahani kimoja cha maji matupu. Bila hivyo hujui kama rangi unayoiona imeletwa na unga au na kisahani kichafu.

Hatua ya 1: Tazama

Mwaga kiasi cha punje ya harage kwenye kisahani cheusi. Punje zenye pembe zinazometa ni fuwele: chumvi, sukari, haluli, shabu iliyosagwa, asidi ya sitriki. Unga laini usiometa ni wanga, jasi, chokaa, chaki, talki. Vidonge vidogo vya mviringo vyenye ukubwa sawa mara nyingi ni mbolea ya urea. Vipande bapa vinavyolowa vyenyewe ukiviacha wazi dakika kumi ni dalili ya kostiki. Kikitokea hicho usiguse, na maji ya hatua inayofuata yatathibitisha.

Usiinamie kopo kunusa. Lishike mbali kidogo, pepea hewa ya juu yake kwa kiganja kuelekea kwako. Klorini, kiberiti, amonia au harufu kali ya dawa ya wadudu: funga, ishia hapo.

Hatua ya 2: Maji

Weka mililita 10 za maji kwenye glasi ya plastiki. Tia punje chache za unga, kiasi cha nusu ya punje ya mchele. Unga uende kwenye maji, kamwe si maji kwenye unga. Kukitoa povu, mvuke au moto, acha. Kukiwa shwari, ongeza mpaka ujazo wa robo kijiko cha chai na ushike glasi kwa nje.

Maji yakipata joto linalosikika, huenda una kostiki au chokaa hai, yaani chokaa ambayo haijazimwa kwa maji. Karatasi ya manjano itageuka nyekundu papo hapo. Usiendelee na siki. Yakipoa waziwazi, fikiria urea au mbolea nyingine. Kupoa kidogo tu hakukuambii kitu.

Kisha angalia kilichoyeyuka. Kikiyeyuka chote na maji yakabaki angavu: chumvi, sukari, glukosi, haluli, shabu, sitriki, magadi soda, urea. Chumvi ya mezani inaweza kuacha ukungu mwepesi kwa sababu ya kitu kinachotiwa isigandamane, usiuhesabu. Kikitua chini: wanga, jasi, chaki, chokaa. Kikielea na kukataa kulowa: talki, yaani poda ya mtoto ya aina ya zamani. Maji yakiwa meupe pepe na hayatulii: maziwa ya unga. Ukifika hatua ya siki, matone machache yake kwenye maji ya vuguvugu yatayagandisha mtindi.

Kiasi kinachoyeyuka nacho ni ushahidi mzuri. Mililita 100 za maji ya kawaida hupokea gramu 36 hivi za chumvi, gramu 200 hivi za sukari, lakini gramu 10 tu hivi za magadi soda, na gramu 5 hivi za asidi ya boriki. Kwa hiyo tia vijiko viwili vya chai kwenye mililita 50 na ukoroge dakika tano. Chumvi itaisha yote. Magadi soda yatabaki karibu nusu yake chini ya glasi.

Hatua ya 3: Karatasi ya manjano

Dodosha tone la maji ya juu. Nyekundu ya kahawia iliyokolea ni soda ya kufulia, magadi ya mawe, chokaa au kostiki. Rangi ya chungwa hafifu ni magadi soda ya kuumulia. Njano ile ile: endelea.

Hapa ndipo asidi ya boriki inapojifichua, ile poda inayomwagwa kwenye ubao wa keram na ambayo watu huitumia kuulia mende. Tone lake halifanyi lolote likiwa bichi. Liongeze tone la maji ya sitriki, uache karatasi ikauke kabisa. Doa jekundu hutokea likikauka, na ukiligusa kwa maji ya magadi hugeuka kijani cheusi au bluu nyeusi. Wengi hukosa jibu hili kwa sababu wanatazama karatasi ingali mbichi. Njia nyingine: asidi hiyo huyeyuka vizuri kwenye maji ya moto, kisha yakipoa hurudi vipande bapa vinavyometa.

Hatua ya 4: Iodini

Lowanisha unga kwenye kisahani kwa matone mawili ya maji baridi, ongeza tone la iodini iliyozimuliwa. Bluu nyeusi ni wanga: ngano, muhogo, mahindi, mchele, au poda ya mtoto ya kisasa iliyotengenezwa kwa wanga badala ya talki.

Kipimo hiki ni kizuri sana, na ndicho kinachodanganya sana. Sukari ya kupambia keki huwekewa wanga kidogo isigande, hivyo hugeuka bluu ingawa karibu yote imeyeyuka. Bekingi pauda nayo ina wanga, ila yenyewe hutoa povu kwenye maji matupu ya moto bila siki. Rangi ya bluu hupotea kwenye joto, kwa hiyo usipime maji yaliyotoka jikoni. Kwenye alikali kali iodini hufifia yenyewe, na vitamini C ya unga huifuta kabisa ikawa angavu. Ukiona iodini inatoweka na karatasi ya manjano imebaki njano, fikiria vitamini C.

Kutenga ngano na muhogo: kanda vijiko viwili vya unga na maji, acha dakika kumi, lioshe donge chini ya maji yanayotiririka taratibu. Ngano hubakisha kitu cha kijivu kinachovutika kama ubani. Muhogo huenda wote na maji. Ukishuku kwamba unga umechanganywa na chaki, tikisa kijiko kimoja ndani ya glasi ya maji, acha dakika chache, mwaga maji meupe ya juu na upeleke mashapo mazito ya chini kwenye hatua ya siki.

Hatua ya 5: Siki

Sasa siki inaruhusiwa, kwa sababu umeshajua unga hautoki sehemu za hatari, haunuki na haupandishi joto. Fanyia nje au dirishani, kwa kiasi cha punje ya mchele.

Povu la nguvu na kitu kinaisha chote: magadi soda, soda ya kufulia au magadi. Povu na mabaki meupe yasiyoyeyuka upesi: chaki au chokaa iliyozeeka. Chokaa mpya iliyozimwa haitoi povu, lakini ikikaa wazi hunyonya hewa ya kaboni na kugeuka taratibu kuwa kama chaki. Kwa hiyo mfuko mmoja wa chokaa unaweza kutoa povu juu na kukaa kimya katikati. Chukua sampuli ya katikati. Kuikamata chokaa: tikisa kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 200 za maji, acha saa nzima, mimina maji angavu ya juu, kisha puliza ndani yake kwa mrija. Yakichafuka yakawa kama maziwa, ni chokaa. Usivute mrija.

Chaki za ubaoni nazo hazifanani. Nyingine ni kalsiamu kaboneti na hutoa povu, nyingine ni jasi na hazitoi.

Jozi zinazochanganya

Magadi soda na soda ya kufulia au magadi ya mawe, yale yanayopatikana Ziwa Natron na Ziwa Magadi na yanayolainisha maharage: siki haiwatofautishi. Yeyusha haluli kijiko kimoja kwenye robo glasi ya maji, uimimine kidogo kwenye maji ya unga wako yakiwa baridi. Soda ya kufulia na magadi hutoa mashapo meupe papo hapo. Magadi soda hubaki angavu mpaka uyapashe moto. Magadi soda yaliyowahi kukaa jikoni penye joto kali hugeuka sehemu yake kuwa soda ya kufulia, hivyo ukungu mdogo usikushangaze.

Shabu, haluli na sitriki: zote ni fuwele, zote huyeyuka. Andaa maji ya magadi soda unayoyajua. Sitriki ikitiwa humo hutoa povu na maji hubaki angavu. Shabu hutoa povu na kuacha mashapo kama pamba. Haluli haitoi povu.

Jasi na chaki: koroga sehemu mbili za unga na moja ya maji kwenye mfuko wa plastiki. Jasi ya dari hupata uvuguvugu na kuwa jiwe ndani ya nusu saa. Jasi iliyonyonya unyevu stoo haigandi tena, hivyo kutoganda peke yake hakuiondoi jasi kwenye orodha. Tazama kama imetoa povu kwenye siki au la.

Mbolea: usizipashe moto, kwa sababu CAN (kalsiamu amonia nitrati) ina amonia nitrati. Changanya chembe zake na chokaa iliyolowa. SA (amonia salfeti) na CAN hutoa harufu ya amonia mara moja, urea hukaa kimya.

Hatua ya 6: Moto, kama bado kuna shaka

Hatua hii ni ya vitu vilivyobaki kwenye orodha ya jikoni tu. Punje ya mchele kwenye kijiko kikuukuu cha chuma, moto mdogo, dirisha wazi. Sukari huyeyuka, hugeuka kahawia na kunukia karameli. Wanga huungua mweusi na kunukia mkate ulioungua. Chumvi huchatuka, punje hurukaruka, haiyeyuki. Shabu huyeyuka kwa maji yake yenyewe, hufura na kubaki povu gumu jeupe.

Ukiwa kwenye maabara ya shule

Wenye vitendanishi wana njia fupi zaidi. Kloridi: asidi ya nitriki iliyozimuliwa kisha nitrati ya fedha, mashapo meupe yanayoyeyuka kwenye amonia. Salfeti: asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa kisha kloridi ya bariamu, mashapo meupe yasiyoyeyuka. Zinki na alumini zote hutoa mashapo kwenye haidroksaidi ya sodiamu na kuyeyuka ikizidishwa, lakini kwenye amonia iliyozidishwa ni zinki tu inayoyeyuka. Glukosi hutengwa na sukari kwa kitendanishi cha Benedict: glukosi ikipashwa hutoa wekundu wa matofali. Kwenye mwali, sodiamu ni njano kali, potasiamu zambarau hafifu, kalsiamu nyekundu ya matofali. Sodiamu kidogo tu, hata ya jasho la vidole, hufunika potasiamu, ndiyo maana tunatazama kupitia kioo cha bluu ya kobalti. Stoo ya shule pia ina chumvi za bariamu na risasi ambazo ni nyeupe na ni sumu, kwa hiyo fanya haya ukiwa na mwalimu au fundi sanifu wa maabara.

Ukidhurika, na unga uliobaki

Unga ukigusa ngozi au macho, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20. Usitie siki juu ya kostiki iliyokuunguza. Mtu akimeza, usimtapishe, mkimbize hospitali pamoja na kopo.

Unga uliobaki bila jibu uende kwa wenye vyombo. Tanzania Bara ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi za kanda, na Kenya kuna maabara ya Mkemia wa Serikali. Wasiliana nao kabla ya kubeba chochote. Acha unga kwenye kopo lake, lifunge, lifunike kwa mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa. Nje andika tarehe, mahali ulipoukuta, kiasi kwa makadirio, na vipimo ulivyofanya pamoja na majibu yake. Usisafiri nalo ndani ya daladala au ulichanganye na vyakula kwenye gari, na usimwage chooni hata chembe ya unga ambao jina lake hulijui.